Muziki wa Nyumbani Usivuke Ukuta

Miongoni mwa maswali ninayoulizwa mara kwa mara na vijana waliooa juzi na kupanga fleti zao za mwanzo, na hata na wazee waliohamishwa na watoto wao kutoka Mji wa Kale kwenda kukaa ghorofani Tudor au Kizingo, ni hili: ninunue chombo gani cha muziki? Swali hili huulizwa kwa mzaha, kana kwamba ni jambo la anasa tu. Mimi naliona zito. Ndani yake mna haki ya jirani, mna afya ya masikio, na mna hatima ya maneno ya nyimbo zetu.

Jawabu langu ni moja, nami nitalieleza kwa urefu: nunua chombo kinachosikika vizuri sauti yake ikiwa chini. Usinunue kile kinachotikisa vioo vya duka. Hivyo ni vitu viwili mbalimbali, na aghalabu muuzaji atakuonyesha cha pili kwa kuwa ndicho kinachomvuta mpita njia.

Kwanza tukumbuke tumetoka wapi. Nyumba za wazee wetu Mombasa na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake ulifika kiasi cha nusu mita. Mtu alipotia santuri kwenye kinanda chake ndani, aliyekuwa nyumba ya pili hakupata zaidi ya mvumo. Leo tunaishi katika ghorofa za matofali ya saruji. Dari yako ndiyo sakafu ya mwenzako, na ukuta wa chumba chako cha kulala ndio ukuta wa sebule yake. Ukikohoa, yuasikia. Nyumba zimebadilika lakini tabia za kusikiza hazikubadilika. Tena zimekwenda kinyume, maana vyombo vimezidi kuwa na nguvu wakati kuta zinazidi kuwa nyembamba.

Pili, tukumbuke sisi tulikuwa wasikizaji wa namna gani. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, watu wa Unguja na wa mwambao huu hawakuzinunua kwa ajili ya kishindo. Gramafoni za siku zile hazikuwa na kishindo. Walizinunua wapate kusikia amesema nini. Baadaye zikaja redio, zikaja santuri za Mzuri zilizotolewa na Assanand hapa hapa Mombasa, kisha zikaja kanda za Mbwana Radio Service zilizosambaa pwani nzima. Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, aliimba mashairi ambayo mengi yalitungwa na malenga Ahmad Nassir. Zein l'Abdin wa Lamu, aliyemfuata mwaka 2016, alipiga udi na kuimba kwa utulivu hata ukasikia kidole kikiteleza juu ya uzi. Nyimbo hizi zimejaa mafumbo. Neno moja likikupita, ubeti mzima umekupita, na pengine hukujua kuwa aliyepigwa vijembe ni wewe.

Sasa ingia nyumba nyingi za leo usikize nyimbo hizo hizo. Utasikia mdundo unaokupiga kifuani, utasikia mchakacho wa juu, na katikati, pale alipokaa mwimbaji na maneno yake, pana shimo. Kijana aliyekulia katika sauti ya namna hii atakwambia taarabu ya zamani haina maana. Yasikitisha, lakini huwezi kumlaumu: maana yenyewe hajapata kuisikia. Hii ndiyo khasara ninayoiogopa mimi kuliko usingizi nilioukosa kwa ajili ya wapangaji wa juu.

Basi na tulitazame jambo hili kwa ilimu yake. Sikio la mwanadamu halizipokei sauti zote sawasawa. Wamarekani wawili, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walilipima jambo hili wakachapisha matokeo yao mwaka 1933. Waliona ya kuwa kadiri sauti inavyopunguzwa, ndivyo sikio linavyoipoteza ile mivumo mizito ya chini, na kwa kiasi kidogo ile miembamba ya juu, hali zile za katikati zikibaki. Ndiyo sababu muziki ukiuteremsha sana huonekana kama umekauka, nawe mkono wakuwasha kwenda kuuongeza tena. Wengi huidhani ni dosari ya chombo, kumbe ni maumbile ya sikio.

Watengenezaji wa vyombo walilijua hilo, na amplifaya nyingi za zamani zilitiwa kifungo cha laudinesi, ambacho huipandisha kidogo mivumo ya chini pale sauti inapokuwa ndogo. Ukikipata chombo chenye kifungo hicho, hukupoteza. Ukikikosa, basi angalau kiwe na vifungo viwili vya kurekebishia sauti nzito na sauti nyembamba, uongeze ile nzito kwa kiasi cha kurejesha uhai tu. Na ukipandisha sauti mchana, kumbuka kukizima kifungo hicho, ama sivyo nyimbo zote zitavuma kama pipa.

Tuje kwenye wati, maana hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa wakitazama. Mtu huona katoni imeandikwa wati elfu kadhaa, akatoka dukani kifua mbele. Aghalabu kando ya tarakimu hiyo mna herufi PMPO, nazo hazina kipimo cha kuaminika. Tafuta palipoandikwa RMS, ndiyo nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa mfululizo. Kisha ujue na hili: kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukiona kama mabadiliko madogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, wahitaji wati mara kumi.

Tufanye hesabu ndogo. Spika ya kawaida ya nyumbani, ikipewa wati 1, hutoa kama desibeli 88 kwa msikizaji aliyekaa mita 1 mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hivyo mtu aliyekaa mita 2 kutoka spika hiyo, akitaka muziki uwe sawa na mazungumzo, anatumia kiasi cha sehemu moja ya mia ya wati. Hata ngoma na nyuzi zikipanda ghafla, ni shida kuipita wati moja nzima. Sasa hizo elfu za nini? Amplifaya ya wati 20 au 30 za kweli kila upande yatosha fleti yoyote ya mji huu, na ziada ikabaki.

Linalohitajika ni kuichunguza sauti hiyo ya chini yenyewe. Kwanza, chombo kikiwa kimewashwa bila muziki, inamisha sikio karibu na spika. Ukisikia mchuruziko kama wa mvua au mvumo wa nyuki, kiache, kwa sababu usiku wa manane utausikia huo kabla ya muziki. Pili, geuza kifungo cha sauti polepole kutoka mwanzo. Katika amplifaya nyingi za bei nafuu, pale chini kabisa upande mmoja huanza kusema kabla ya mwenziwe, na mwimbaji akahamia kushoto au kulia. Kwa msikizaji wa sauti kubwa hilo si neno, ila kwa msikizaji wa sauti ndogo ni kero ya kila siku. Tatu, chukua rikodi unayoijua maneno yake kwa moyo, ipigwe dukani, kisha mwambie muuzaji ateremshe mpaka muweze kuzungumza bila kupaza sauti. Kama hapo bado wayapata maneno yote, chombo ni hicho. Wala usikubali vyombo viwili vilinganishwe kimoja kikiwa juu kuliko chenziwe, maana kilicho juu kidogo siku zote hulihadaa sikio likadhani ndicho bora.

Ama hizo spika za wufa, zile zenye sanduku kubwa la sauti nzito linalowekwa sakafuni, mimi nasema wazi kuwa hazina mahali katika fleti ya mtu mwenye majirani. Si chuki, ni maumbile ya sauti. Mtetemo wa mara 50 kwa sekunde una wimbi la urefu wa karibu mita 7. Wimbi kama hilo halizuiwi na tofali la saruji, sembuse mlango wa mbao. Sauti nyembamba ndizo zinazozuiliwa. Basi jirani yako hapati wimbo. Anapata dundo peke yake, halina mwanzo wala mwisho, halina neno la kushika wala lahani ya kufuata. Wewe umepata karamu, yeye amepata mchi na kinu.

Tena hasara si ya jirani peke yake. Sauti ya mwanamume azungumzapo huanzia kama mitetemo 85 hadi 180 kwa sekunde, na ya mwanamke kama 165 hadi 255. Zile herufi zinazolipa neno umbo lake, kama vile s, t, k na sh, hutegemea sana mitetemo ya 2,000 hadi 4,000. Hapo ndipo shairi linapokaa. Wufa iliyofunguliwa sana huzifunika sauti hizo kama blanketi. Kwa hivyo chagua spika mbili ndogo za rafuni, zenye koni ya inchi 4 au 5 na kijispika cha pili cha sauti nyembamba. Kama fedha ni chache, fedha nyingi ziende kwenye spika hizi, na mapambo ya taa na vioo vya kumetameta yaachiwe wanaoyataka.

Mahali pa kuziweka ni nusu ya ununuzi. Usiziweke sakafuni, kwa kuwa sakafu ni dari ya mwenzio. Usizisukumie pembeni mwa chumba, kwa kuwa pembe huikuza sauti nzito. Usizitundike kwenye ukuta mnaoshirikiana na jirani. Ziweke juu ya meza au rafu iliyo imara, kwa kimo cha masikio ya mtu aliyekaa, ziachane na ukuta kidogo, na chini yake utie vipande vya mpira au sponji nzito ili mtetemo usishuke mbaoni. Kisha keti karibu. Ukiupunguza umbali baina yako na spika kwa nusu, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka desibeli 6 bila ya kugusa kifungo. Spika mbili na kiti chako zifanye pembe tatu, kila upande mita moja na nusu, nawe utamsikia mwimbaji yuko mbele yako, na mkeo chumbani hatageuka usingizini.

Fleti za siku hizi zimetiwa vigae chini na kuta zimeachwa tupu, na sauti hurukaruka humo kama mpira. Mwangwi huo huyavuruga maneno, nawe ukidhani sauti haitoshi unaiongeza. Tandika zulia au mikeka mizito, tundika mapazia mazito, weka kabati la vitabu nyuma ya kiti. Hivi havimzuilii jirani sauti kama wengi wadhanivyo, maana kinachozuia sauti ni uzito wa ukuta. Kazi yake ni kukutulizia chumba ili usihitaji kupandisha.

Kwa wanaonunua vyombo vilivyotumika vya Ulaya na Japani, na mimi nawaunga mkono maana mna vyombo vya thamani humo, tazameni nyuma palipoandikwa volti. Umeme wa kwetu ni volti 240. Chombo cha Japani hutaka 100, na cha Marekani 120. Ukikichomeka hivyo hivyo, utapata moshi kabla ya muziki. Na kwa wenye kanda za zamani, hewa yetu ya chumvi na unyevu ni adui. Zitoeni makabatini kabla ukungu haujazila, kichwa cha kinasa kisafishwe kwa spiriti, na kila kanda inakiliwe kwenye kompyuta mara moja. Rikodi nyingine za harusi na za vikao vya usiku ziko katika kanda moja tu duniani, na kanda hiyo iko chini ya kitanda cha mtu.

Nitaulizwa: si bora kuvaa visikizio vya kichwani, jambo likesha? Kwa usiku wa manane, naam, ni dawa nzuri. Lakini vina adabu yake pia. Shirika la Afya Ulimwenguni limewashauri watu wazima wasizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na anayevaa visikizio garini na njiani hupita hapo bila kujijua. Pia aliyeziba masikio haisikii adhana, hasikii mtoto akilia wala mgeni akibisha hodi. Juu ya hayo, nyimbo zetu ni za baraza. Fumbo linataka mtu wa pili wa kutazamana naye na kucheka. Spika mbili ndogo za sauti ya chini huikusanya nyumba, na visikizio huitawanya.

Najua wamo katika wasomaji wetu wasioziona ala kuwa halali, nami nawaheshimu kwa msimamo wao. Lakini suala hili linawahusu vilevile, kwa kuwa chombo ni hicho hicho kinachopigia kasida, mawaidha na kisomo cha Kurani. Wapo wanaofungulia kisomo kwa sauti ya juu tangu alfajiri, dirisha wazi, kisha wakaingia jikoni au wakatoka kwenda kazini, wakidhani wameugawia mtaa thawabu. Tuliokaa chuoni mbele ya mwalimu tulifundishwa kinyume. Surat Al-Aaraf yatuamrisha kuisikiza Kurani inaposomwa na kunyamaza. Sasa umemlazimisha nani kunyamaza, ilhali wewe mwenyewe unakaanga vitunguu? Surat Al-Israa, ikizungumzia sala, yataka njia ya katikati baina ya kupaza na kuficha. Na katika Surat Luqman, baba yule mwenye hekima anamuusia mwanawe ateremshe sauti yake. Kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, cha msahafu mzima kilichorikodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kina utulivu na matamshi ya kila herufi kwa haki yake. Kisikize kwa sauti ya chini, uketi, uone kitakavyokuingia. Kipige kwa kishindo, hata tajwidi yake itapotea ndani ya mwangwi.

Jirani wa fleti yuko namna nyingi. Yuko aliyetoka zamu ya usiku bandarini, analala mchana. Yuko mzazi aliyejifungua juzi, yuko mgonjwa wa presha, yuko mtoto wa mtihani, yuko mwenye eda aliye katika huzuni yake. Yuko na asiye wa dini yako, ambaye huenda akaijua dini hiyo kwa tabia zako kabla hajaijua kwa kitu chengine. Hawa wote hawatakuja kukubishia. Watu wa pwani huona haya. Watavumilia, wataugua moyoni, na salamu za ngazini zitapungua. Usingoje mpaka ifike hapo.

Atasema mmoja: nyumba ni yangu, kodi nalipa mwenyewe. Sawa, lakini kodi yako haikununua hewa ya mwenzio. Hata sheria ya nchi imelitazama hilo: kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka ndani ya makazi kiwango cha desibeli 45 mchana, na 35 tangu saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kama mnong'ono. Atasema mwengine: mbona harusi hupigwa mpaka usiku? Harusi ni siku moja, majirani wamealikwa, na pilau imewafikia. Kelele ya kila siku haina pilau.

Kwa hivyo nasema tena. Kabla hujatoa pesa, jiulize ni nani atakayesikia. Ukishanunua na kukipanga chombo chako, kifungulie kwa kiasi unachokitaka, kisha toka nje, funga mlango, usimame ngazini. Shuka ghorofa moja umwombe jirani usikilize kutoka kwake. Dakika tano hizo zitakufundisha zaidi ya maneno yote ya muuzaji, na huenda zikawa mwanzo wa urafiki. Wenye maduka nao nawaomba watenge chumba kidogo kimya, watu wapate kujaribu vyombo kwa sauti ya kibinadamu, badala ya kushindana na matatu barabarani.

Nyimbo za mwambao zilitungwa na watu waliokuwa wakipimana maneno. Zinataka kusikizwa na watu wa namna hiyo. Kwa hayo nawaachia ubeti huu niliouandaa:

Sauti si ya ukuta, ni ya sikio sauti,
Mwenye hekima hupata, ladha yake kwa wakati,
Jirani hatamsuta, kwa kelele za kaseti,
Chini nako kwasikika, ukitega masikio.